Do ya Liuli

Kabla ya haya ninayoeleza, Mansuetus Ndimbo alikuwa amerekodiwa mara tatu katika maisha yake, na mara zote tatu hakusikika. Mara ya kwanza ilikuwa Songea, akiwa na bendi ya harusi ambayo siku hizi haipo. Walipiga nyimbo sita kutwa nzima, yeye kwenye gitaa la solo, shati limelowa. Sidii ilipotoka, pale alipopiga yeye pamekaa kinanda. Fundi wa studio alimwambia gitaa lake linapishana na kinanda, na kati ya mtu na mashine, mashine haibishi. Mara ya pili na ya tatu ilikuwa hapa hapa Mbinga, studio mbili tofauti, neno lile lile: linapishana. Watu wakaanza kusema sikio la Mansuetus lina kasoro. Mpiga muziki kuambiwa hivyo ni sawa na muuza maziwa kuambiwa anatia maji.

Ana miaka arobaini na nane. Kwao ni Mpepai, kwenye kahawa, lakini alioa Liuli, na baada ya kumwoa Tadea akashuka kukaa ziwani. Kwa hiyo ni Mkatoliki anayepiga gitaa kwenye kwaya ya Waanglikana, na ni mtu wa milimani anayeanika usipa, dagaa wa ziwani. Jumapili yuko kanisani. Jumamosi yuko kwenye harusi na kipaimara za huku juu, hasa miezi ya kahawa, watu wakiwa na sababu ya kucheza. Hakuwahi kuwa maarufu na sikumsikia hata siku moja akisema anataka kuwa. Alichotaka ni kimoja: wimbo mmoja tu uliorekodiwa, mkono wake unasikika humo, wale wa "linapishana" wausikie wanyamaze.

Mimi nauza vyombo vya umeme vilivyotumika, nyuma ya stendi ya Mbinga. Pasi, redio, friji, spika, chochote chenye waya. Mansuetus alikuja kwangu mwezi wa nane, amplifaya yake imefungwa nyuma ya pikipiki kwa mipira miwili na kamba ya katani. Dude la mbao na chuma, pembe zimechakaa. Nililiweka kwenye mizani ya kahawa ya jirani yangu: kilo thelathini na mbili. Miaka kumi na tano alikuwa akilipandisha mlima na kulishusha kwa pikipiki, na madereva walikuwa wameanza kumkimbia.

"Kwaya yetu inarekodi mwezi huu," akaniambia. "Hapa Mbinga, studio ya Jastini. Safari hii nataka niingie mimi mwenyewe kwa waya, asipate pa kunitoa."

Nilikuwa na amplifaya moja ndogo iliyokuja na mzigo wa Dar es Salaam, nyepesi kama begi la mwanafunzi. Ni zile za kisasa zinazoiga. Ndani yake hakuna kitu cha kupata moto, kuna kompyuta ndogo iliyofundishwa sauti za amplifaya nyingine, za Ulaya na Marekani. Unachagua kwenye simu, nayo inageuka kuwa hiyo uliyochagua. Tena ina tundu la waya wa kwenda kwenye kompyuta, unarekodi moja kwa moja bila maiki.

"Sauti ngapi humo?" akauliza.

"Mia na kitu."

"Mimi nina mikono miwili, dada Vere. Sauti mia za nini?"

"Chukua mbili, tisini na nane nakupa nyongeza."

Akacheka, nikajua atanunua. Anayecheka kwenye bei mkono wake umeshafika mfukoni. Tukavutana mpaka saa saba. Mwisho nilichukua lile dude lake, pamoja na ndoo nane za usipa mkavu nitakazozifuata mwenyewe Liuli.

"Lakini hilo linanguruma," akasema wakati tumeshapeana mikono, maana ni mkweli kuliko anavyopaswa kuwa mtu anayeuza kitu. "Ukiliwasha tu, hata gitaa hujachomeka, linanguruma."

"Nimelisikia. Ndiyo maana ndoo zimekuwa nane."

Nikampa na ushauri wa bure, ambao baadaye ulitugharimu wote wawili. Kwenye simu, ukifungua ile programu ya amplifaya, zinakuja alama nyingi za kuzungusha, na zote zina majina ya Kiingereza. Nikamwambia: kile unachokijua, kitumie. Usichokijua, kiweke sifuri. Ndivyo ninavyofanya na kila chombo kipya, na sijawahi kuunguza kitu.

Wiki tatu za kwanza alijifunza kwa kuumia, kama wengine wote. Nyumbani, akiwa peke yake sebuleni, alitengeneza sauti tamu, nzito chini, na mwangwi mwingi kama anapigia pangoni. Akaenda nayo harusi ya Ukata. Ngoma na besi zilipoanza, sauti yake tamu ikapotea kabisa. Mtu wa kinanda alimwuliza kama amechoka. Pale pale, wimbo wa pili, akapunguza chini, akakata mwangwi, akapandisha katikati, sauti ikawa kavu na kali, mbaya ukiisikiliza peke yake, lakini ikapenya. Aliniambia baadaye: "Sauti ya sebuleni ni ya sebuleni. Kwenye harusi unataka sauti inayojua kusukumana."

Jambo la pili lilikuwa jenereta. Dude la zamani umeme ukishuka lilikuwa linafifia kidogo, linaendelea kulia. Hii mpya umeme ukishuka inazima kabisa, halafu inataka nusu dakika ya kuamka, kama mtu mwenye cheo. Ilimtokea wakati bibi harusi anaingia ukumbini.

La tatu lilikuwa simu. Alikuwa hajui kwamba simu ikiwa imeunganishwa bila waya, chochote kinacholia kwenye simu kinalia kwenye amplifaya. Mke wake Tadea akampigia siku anapiga harusi Mpepai, katikati ya wimbo wa kukata keki. Ukumbi mzima ukasikia mlio wa simu, wa jogoo, kwa sauti ya kutosha watu mia mbili. Mshereheshaji akasema, "Bwana harusi, kumekucha." Tangu siku hiyo akawa anaweka simu yake kwenye hali ya ndege kabla hajatoa gitaa kwenye mfuko.

Hayo yote aliyamudu. Lililomleta dukani kwangu akiwa amekasirika ni kipimo. Ile amplifaya ina taa ndogo ya kupimia nyuzi: ukigonga uzi, ikiwa kijani uko sawa, ikiwa nyekundu kulia umekaza mno, nyekundu kushoto umelegeza.

"Kipimo hiki kibovu," akasema. "Nakaza gitaa kama siku zote, nyuzi zote sita kinaniambia nimezidisha. Zote, dada Vere. Ingekuwa mmoja ningesema mimi."

"Ulipima na kingine?"

"Nimepima na cha simu."

"Kikasemaje?"

"Kimesema vile vile."

"Basi viwili vinasema kitu kimoja."

"Vitakuwa vimetengenezwa na mtu mmoja," akasema, akachukua begi lake akaondoka. Mimi sirudishi kitu kilichotoka dukani, na yeye alilijua hilo.

Jumatano ya kabla ya kurekodi nilishuka Liuli kufuata usipa wangu. Niliwakuta ukumbini kwenye mazoezi ya kwaya, nikaona heri nisubiri ndani kuliko kukaa juani. Jumapili tatu mfululizo kwaya ilikuwa imeimba vibaya, lakini mwalimu wao, Mama Asteria, alikuwa Songea kwa binti yake aliyejifungua, na watu wote walisema bila mwalimu kwaya ni kuku waliofunguliwa. Sasa alikuwa amerudi. Ni mama wa miaka sitini na tano, mwembamba, hapendi kurudia neno.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa hapo, Vere, usisinzie."

Mansuetus akawasha amplifaya yake mpya, taa ya buluu ikawaka. Mama Asteria akainua mkono, akashusha. Watu ishirini na sita wakaanza kuimba, na walianza kila mtu kwake. Soprano walikuwa juu, alto hawakuwa popote, wanaume wakaangukia mahali pa tatu. Akakata. Akainua tena. Hivyo hivyo. Mara ya tatu hakushusha mkono, alibaki ameuinua akisikiliza, kama mtu anayesubiri maji yatoke kwenye bomba.

"Do iko wapi?" akauliza.

Kwaya zetu zinaimba kwa do, re, mi. Do ndiyo nyumba ya wimbo, ukiijua unajua vyumba vyote. Mama Asteria akageukia kona ya gitaa.

"Mansuetus," akasema. "Hiyo redio yako imekufa?"

"Imewashwa, Mama."

"Mbona haisemi?"

"Inasema nikipiga."

"Ile ya zamani ilikuwa inasema hata usipopiga."

Akalisema kama lalamiko tu. Lakini Rosemary, anayeongoza soprano, akaweka kitabu chake chini. "Mama, mnakumbuka harusi ya mwaka jana kule Ukata? Tuliimba juu mpaka nikakosa sauti siku nne. Tukasema ni baridi."

"Ilikuwa baridi."

"Ilikuwa jenereta. Ile amplifaya ilikuwa inanguruma juu siku ile, kwa sababu ya jenereta. Na sisi tukaimba juu."

Miaka kumi na tano kwaya ile ilisifiwa mwambao mzima wa ziwa kwa kuanza pamoja bila kupigiwa noti. Mama Asteria anainua mkono, anashusha, wanaingia kwa pamoja kama mlango unaofungwa. Kumbe do yao ilikuwa kwenye kona, inanguruma, na hakuna aliyejua anaisikiliza. Nikamtazama Mansuetus, nikaona naye amefika hapo hapo. Alikaa kwenye benchi.

"Hata mimi," akasema. "Uzi wa tatu. Aliyenifundisha gitaa aliniambia, amplifaya ikinguruma, kaza uzi wa tatu mpaka ukae juu ya mngurumo. Halafu zile nyingine zifuate. Sijawahi kukaza kwa kitu kingine."

"Basi tupigie huo uzi wa tatu," akasema Mama Asteria. "Tatizo liko wapi?"

Akaupiga. Wakaanza vizuri. Lakini uzi wa gitaa unalia na kuisha, na wao walizoea kuegemea kitu kisichoisha. Ubeti wa pili walikuwa wameshuka, wa tatu wameshuka zaidi, na gitaa limebaki juu peke yake kama mtu aliyesahauliwa kwenye paa.

Ndipo nikaomba simu yake. Sio kwa huruma; nilikuwa nimeuza kile chombo, na chombo kikisemwa vibaya Liuli, Jumatatu kinasemwa vibaya Mbinga. Nikapitia zile alama za kuzungusha. Nyingi zilikuwa sifuri, kama nilivyomshauri.

"Hapa pameandikwaje?" nikamwuliza.

"Humo."

"Siyo humo. Soma vizuri."

"Simu yangu iko kwa Kiswahili, hukata maneno. Limekatwa o. Humo. Nikajua ni humo ndani, pa mafundi, nisipaguse."

"Ni hum. Kiingereza. Maana yake kunguruma. Wameiga mpaka mngurumo, nawe umeuweka sifuri."

Alinitazama. "Si wewe uliyesema nisichokijua niweke sifuri?"

"Nilisema. Zungusha sasa."

Akazungusha. Mngurumo ukaja, laini, umejaa, kwaya ikatabasamu kama wamemwona ndugu. Mama Asteria akainua mkono, akashusha, wakaingia pamoja, kama mlango. Mistari miwili nilijipongeza. Mstari wa tatu soprano wakaanza kukunja shingo. Kwenye kiitikio wanaume walikuwa wanaimba kwa sauti za mabinti, na Rosemary alikuwa anafungua mdomo bila kutoa kitu.

"Mama," akasema walipokatishwa, "hii do imeota mbawa."

"Hii do ya wapi?" Mama Asteria akamwuliza Mansuetus, kana kwamba ni mgeni aliyemleta yeye.

Mansuetus akampigia simu Jastini, mwenye studio, akaweka spika wote wasikie. Jastini alisomea umeme kabla ya kuingia kwenye muziki. Alicheka kwanza, kisha akaeleza. Mngurumo wa amplifaya, alisema, ni umeme wenyewe unaotetemeka. Wa kwetu unatetemeka mara hamsini kwa sekunde. Marekani ni mara sitini. "Hiyo yako imeiga amplifaya ya Marekani pamoja na umeme wa nyumba iliyokuwa imechomekwa. Mnaimba kwa umeme wa Marekani, ndiyo maana iko juu."

"Haina wa kwetu?"

"Aliyeitengeneza hakufika Liuli. Msihangaike, Mama Asteria. Njooni Jumamosi, kinanda kipo, do ninayo. Hata gitaa nitaliweka kwa kinanda, hakuna atakayejua."

Mansuetus alikata simu. Mama Asteria hakuwa na ubaya naye, ila ana akili za kazi. "Nina watu ishirini na sita na gari la siku moja," akamwambia. "Jumamosi do ikiwepo, unapiga. Isipokuwepo, tunaimba na kinanda cha Jastini. Umenielewa, baba?"

"Nimeelewa, Mama."

Nikafungasha ndoo zangu. Alinifuata mpaka kwenye gari.

"Lile dude langu umeshaliuza?"

"Kuna mwenye baa ametuma mtu. Anakuja kulichukua Ijumaa."

"Nipe Jumamosi. Siku moja."

"Nipe sababu ya kumwudhi mteja."

"Ndoo mbili."

"Nne."

"Dada Vere, unaniuzia kilema changu mwenyewe."

"Ulishakiuza. Sasa ni changu."

Tukamalizia tatu. Sikuona haya na yeye hakuninunia. Angekuwa yeye mwenye dude na mimi mwenye shida, ningetegemea afanye vile vile, ingawa nadhani angeishia moja.

Jumamosi saa tatu asubuhi nililipeleka dude studio kwa mkokoteni. Studio ya Jastini ni chumba kimoja kikubwa, kuta zimepigwa mablanketi na trei za mayai, na kijumba cha kioo kwenye kona anapokaa yeye na kompyuta. Alipoliona alikunja uso.

"Hilo halina kazi hapa. Mngurumo utaingia kwenye maiki zote."

"Uingie," akasema Mama Asteria.

"Mama, watu watasikia..."

"Wewe si fundi? Hujui kufuta?"

Jastini alifikiri. "Kufuta najua. Kitu kisichosogea ni rahisi kufuta."

"Basi. Washa, Mansuetus."

Lilinguruma. Niliona mabega ya watu ishirini na sita yakishuka. Mama Asteria akainua mkono, akashusha. Siyo kazi yangu kusifu kwaya, nasema tu kwamba Jastini alivua kofia yake na kuisahau mkononi. Waliimba wimbo mzima kwa majaribio, beti nne, na do ilikuwa pale pale walipoiacha.

"Sasa na kinanda," akasema Jastini, akatoka kwenye kioo akaketi. "Hata kama gitaa lipo, kinanda lazima kiwepo chini, kujaza."

Wakaanza upya, naye akaingia. Ikawa kama kutafuna wali wenye changarawe. Hakuna aliyekosea, na kila kitu kilikuwa kibaya. Jastini aliacha kupiga.

"Mnapishana," akasema.

Mansuetus alikuwa ameinama akikaza uzi wa tatu. Aliposikia neno hilo aliinua kichwa, lakini Mama Asteria alimtangulia.

"Nani anapishana? Sisi tuko ishirini na sita, wewe uko mmoja."

"Kinanda hakikosei, Mama."

"Na sisi je?"

Mansuetus akachomeka gitaa kwenye amplifaya yake mpya, akagonga uzi wa tatu. Uzi ulikaa juu ya mngurumo wa lile dude, vikawa kitu kimoja. Kipimo kikawasha nyekundu kulia, kama alivyonilalamikia dukani. Akamwita Jastini aone. Jastini akaitazama ile taa, akalitazama dude kwenye kona, kisha kinanda chake. Alirudi kwenye kompyuta, akapima mngurumo wenyewe, akapima sauti za kwaya alizorekodi dakika kumi zilizopita.

"Mmezidi," akasema. "Wote, kwa kipimo kimoja. Umeme wa kwetu ukinguruma unakaa juu kidogo ya noti ya G ya kinanda. Theluthi ya nusu sauti. Amplifaya, kwaya, gitaa, mmezidi sawasawa, mpaka nywele."

"Kwa hiyo sikio langu..." Mansuetus akaanza.

"Sikio lako zima kabisa. Ulikuwa unakaza kwa umeme."

Ndiyo yaliyokuwa maelezo ya miaka yote ile na studio tatu. Nilitegemea atasema neno kubwa. Alisema, "Haya," akasogeza kiti chake karibu na waya wa kompyuta.

Jastini hakuwa amekubali bado. Akabonyeza kitufe cha kupandisha kinanda nusu sauti. Kikapita juu. Akakirudisha. Kikawa chini. "Katikati hakuna," akasema, akabonyeza tena mara mbili kama mtu anayetikisa kiberiti kitupu. Mansuetus alikuwa amesimama nyuma yake, anaangalia vile vitufe, kimya.

"Basi piga gitaa," akasema Jastini. "Kuanzia mwanzo mpaka mwisho, taratibu tu, kuwabeba."

"Kati ya ubeti wa tatu na wa nne nataka nafasi," akasema Mansuetus.

"Nafasi ya nini?"

"Ya gitaa. Mistari minne."

"Wimbo wa kanisani, baba. Miwili."

"Minne."

"Mitatu," akasema Mama Asteria, "na tuanze, gari linanisubiri."

Wakarekodi nyimbo tano. Alitumia sauti moja tu kati ya zile mia, ile kavu na kali aliyoipata kwenye harusi ya Ukata. Ilikwenda kwa waya moja kwa moja, hakuna maiki ya kugombania, na mara mbili alipokosea walirudia mstari ule ule tu badala ya wimbo mzima. Kwa hilo chombo kile ni chombo, na nimeuza vingine viwili kama hicho tangu siku ile kwa hadithi hii.

Saa tisa tulikuwa nje tunalipakia dude kwenye mkokoteni. Aliniambia bila kunitazama, huku anafunga kamba.

"Kinanda kama kile kina mahali pa kukivuta kidogo kidogo. Ndani, kwenye orodha ile ya maandishi. Wiki iliyopita nilipaona kwenye kipimo cha amplifaya yangu. Nilikivuta mpaka kikawa kijani, nikakirudisha. Kinanda hakiwezi kukosa."

"Ulikuwa umesimama nyuma yake muda wote."

"Nilikuwa nimesimama."

"Mbona hukumwambia?"

"Hakuniuliza."

Nilimpunguzia ndoo moja kati ya zile tatu. Mtu akijifunza biashara apewe moyo.

Dude lile mwenye baa hakulipata. Mama Asteria aliniambia kwamba halirudi Mbinga, na yeye si mtu unayevutana naye sana. Tulimaliza kwa muhogo mkavu magunia mawili na ahadi ya kuniimbia msibani, ambayo nilimwambia asiiharakishe. Sasa limewekwa kwenye kona ya ukumbi wao. Linawashwa lingurume tu, hakuna gitaa linalochomekwa ndani yake.

Wiki mbili baadaye Jastini alituita kusikiliza, Mansuetus, Mama Asteria na mimi, kwa kuwa wao walikuja na gari nililokodi mimi. Ilikuwa saa sita mchana, milango iko wazi, watu wa sokoni wanapita. Akabonyeza. Kwaya ikaingia pamoja, safi, nyuma yake kimya kitupu.

Mama Asteria akainua kidole. "Umefuta do."

"Nimefuta mngurumo, Mama. Do mnayo ninyi midomoni."

"Na gitaa?"

"Gitaa lipo."

Ubeti wa tatu ukaisha. Gitaa likatoka peke yake, kavu, halikimbii, mistari mitatu, kisha kwaya ikaingia juu yake. Mansuetus alisikiliza akiangalia sakafu. Akaomba irudiwe, sehemu ile tu. Jastini akarudisha.

"Mstari wa pili nimechelewa kidogo," akasema. "Pale mwanzoni."

Jastini akasogeza mkono kwenye kompyuta. "Nakusogeza, sekunde moja tu. Hata haitajulikana."

"Usiguse," akasema Mansuetus.